Ganda la risasi na kipimo chake

Utangulizi

Mjomba wangu, ndugu ya mama, alikuwa mwinda. Mkono wake wa kuume ulikuwa na vidole vitatu tu. Sisi watoto tulikuwa tunaambiana kwamba chui ndiye alikula vile viwili, na yeye hakutukatalia. Siku moja, wakati nilikuwa nimekwisha kupata diploma yangu na kuanza kazi ya kufundisha, njo aliniambia ukweli. Haikuwa chui. Ilikuwa ganda la kartushi ya kalibri 12, la shaba ya manjano, lenye alirizi kwa mzee mwingine na lenye alikuwa analijaza tena kwa miaka mingi.

Alisema hivi: "Lilikuwa limevimba. Halikuingia tena mu bunduki. Nikalikwangua na tupa kidogo kidogo, mpaka likaingia. Nilifikiri nimelitengeneza, kumbe nililimaliza mwili." Siku ya tatu nyuma ya ile kazi ya tupa, ganda lilipasuka karibu na kitako, na moto ukarudi upande wa mwenye bunduki.

Miaka mingi ilipita. Halafu mwanafunzi mmoja wa darasa langu la historia aliniwekea ganda juu ya meza. Alikuwa ameliokota kijijini kwa wazazi wake, kule kulipita vita. Akauliza maulizo mawili: "Mwalimu, hii ni shaba ya kwetu? Na je, mtu anaweza kuijaza tena?" Darasa lote likacheka, lakini mimi sikucheka. Niliona mkono wa mjomba wangu. Siku ile sikuwa na jibu la kutosha, na makala hii ni jibu langu, hata kama limechelewa.

Tupatane kwanza juu ya maneno. Kartushi nzima iko na vitu vinne: risasi yenyewe, yaani kile kipande chenye kuruka, baruti, fataki, kidude kidogo cha kitakoni chenye kuwasha baruti, na ganda lenye kushika vyote pamoja. Kwetu watu wengi wanasema duyi, sawa vile Wafaransa. Risasi ikienda, baruti ikiwaka na fataki ikipigwa, ganda peke yake njo linabaki. Historia yetu ni ya kile chenye kubaki.

1. Wakati bunduki hazikuwa na ganda

Babu zetu walijua bunduki mbele ya kujua ganda. Bunduki ya zamani, ile yenye tunaita pupu, inajazwa kwa mdomo: baruti kwanza, kitambaa, halafu risasi, na ufito wa kushindilia. Bunduki za namna ile zilifika Bunkeya kwa Mwami Msiri kwa njia mbili. Kwa magharibi zilipita Bié, katika Angola ya leo, kwa mikono ya wachuuzi Waovimbundu. Kwa mashariki zilitoka pwani ya Bahari ya Hindi. Msiri mwenyewe alitoka Unyamwezi, akajenga utawala wake katikati ya karne ya 19 juu ya pembe, watumwa, chumvi na shaba.

Shaba ilikuwa ya hapa. Hata risasi za bunduki zilifuliwa kwa shaba, sababu madini ya risasi yalikuwa haba kuliko mukuba. Lakini baruti ilitoka mbali. Njia za wachuuzi zikifungwa, bunduki inageuka kuwa fimbo. Njo ilivyokuwa mnamo 1891: Basanga walikuwa wameasi, baruti ilikuwa imepunguka Bunkeya, na tarehe 20 desemba Msiri aliuawa na kapiteni Bodson wa msafara wa Stairs. Wale wageni walikuja na bunduki zenye kupakiwa kwa nyuma na kartushi za ganda.

Kuna neno lingine lenye vitabu vyetu vya shule vinapita haraka. Mwaka mmoja mbele ya kifo cha Msiri, tarehe 2 julai 1890, mataifa yalitia sahihi Mkataba wa Brussels juu ya kukomesha biashara ya watumwa. Ndani yake mlikuwa pia sheria juu ya silaha: kati ya digri 20 za kaskazini na digri 22 za kusini, ilikatazwa kuingiza bunduki za kisasa pamoja na kartushi zake, isipokuwa kwa serikali na watu wenye kupewa ruhusa. Mwafrika aliweza kuachiwa bunduki ya gumegume na baruti ya biashara tu. Kwa hiyo ganda la shaba lilipita mbele ya macho ya wazee wetu kwa miaka, lakini ufundi wake haukufika mikononi mwao. Waliliona kwa upande wa mdomo wa bunduki.

2. Kwa nini shaba ya manjano

Bunduki ya kupakia nyuma ilikuwa na shida moja kubwa: moshi na moto vilivuja kule kwenye kufungulia. Mafundi wa Ulaya na Marekani walijaribu karatasi, kitambaa, na shaba nyekundu tupu. Jibu lilipatikana kati ya miaka ya 1860 na 1880. Ganda likiwa la madini yenye kunyumbuka, baruti ikiwaka linavimba, linashikana na ukuta wa bunduki, na hakuna moto wenye kuvuja. Kiisha linarudi nyuma kidogo, na mtu analitoa kwa urahisi. Ganda njo mlango wenye kujifunga na kujifungua peke yake.

Shaba nyekundu tupu ilivimba vizuri, lakini haikurudi vizuri. Mfano wenye kujulikana ni wa vita ya Little Bighorn katika Marekani, tarehe 25 juni 1876, siku ile Walakota, Wacheyenne na Waarapaho walishinda jeshi la Custer. Bunduki fupi za askari wale, za Springfield za mwaka 1873, zilitumia maganda ya shaba nyekundu. Mengine yalikwama ndani, na askari alilazimika kuyachokonoa na kisu. Wanahistoria wanabishana bado kama shida ile ilikuwa kubwa sana ao ndogo, na si yenyewe iliyoshindisha vita. Lakini funzo lilibaki, na nyuma yake jeshi lile likahamia kwenye shaba ya manjano.

Shaba ya manjano ni ndoa ya shaba na zinki. Kwa ganda la kartushi, kipimo chenye kukubaliwa ni 70 kwa mia shaba na 30 kwa mia zinki. Hapa msomaji wa Katanga ainue kichwa. Kule Kipushi, kilometa 30 hivi kutoka Lubumbashi, udongo uleule unatoa shaba na zinki pamoja. Mgodi ule ulianza kuchimbwa katika miaka ya 1920, ukasimama mwaka 1993, na mwaka 2024 ukaanza tena kutoa zinki. Vitu vyote viwili vya ndoa ile viko chini ya miguu yetu.

3. Ganda lenye kurudi kazini

Wa kwanza kujaza maganda tena kwa wingi ni wawinda wa nyati katika mbuga za Marekani, kwa miaka ya 1870. Walikuwa mbali na duka. Kartushi nzima ilikuwa bei kali, lakini baruti na risasi vilinunuliwa kwa kilo. Mchana waliokota maganda yao. Usiku, pembeni ya moto, walisubu risasi, walipima baruti, wakabadilisha fataki. Nisifiche kwamba kwa kazi ile walimaliza karibu nyati wote wa mbuga zile na kuwanyima watu wa asili chakula chao. Ufundi mzuri unaweza kutumika kwa tendo baya, na mwalimu wa historia hana haki ya kutenganisha hivi viwili.

Jeshi la Marekani nalo liliweka vyombo vya kujaza tena katika kambi zake, sababu askari mwenye kujizoeza kulenga anakula kartushi nyingi. Mwaka 1884 fundi John Barlow alianzisha kiwanda cha Ideal kule New Haven, na koleo lake la mkono lilienea sana: chombo kimoja chenye kutoa fataki ya zamani, kuweka mpya, na kusukuma risasi mahali pake. Mwaka 1958 Richard Lee wa Wisconsin alitoa chombo chepesi zaidi, chenye kufanya kazi kwa nyundo ndogo juu ya meza ya nyumbani. Mpaka leo, katika inchi zenye sheria inaruhusu, kujaza maganda tena ni kazi ya watu wengi wa kawaida, wenye kupima sana na kusema kidogo.

Vita kubwa ya 1914 mpaka 1918 iligeuza kazi ile ya mkono kuwa kazi ya viwanda. Maganda ya mizinga ya Waingereza yalikuwa ya shaba ya manjano, makubwa kama chupa. Askari waliamriwa kuyakusanya na kuyarudisha nyuma. Kule viwandani yaliingizwa tena katika kalibu, yakarudishwa kipimo, yakajazwa, yakapelekwa tena vitani. Chini ya kitako walipiga alama kila mara ganda lilijazwa, na yako maganda yenye alama nyingi, sawa vile mtu mwenye chale.

Na shaba ile ilitoka wapi? Union Minière du Haut-Katanga ilianzishwa mwaka 1906. Tanuru la Lubumbashi lilitoa shaba yake ya kwanza mwaka 1911, mwaka ule karibu tani 1.000. Mwaka 1917, katikati ya vita, Katanga ilitoa zaidi ya tani 27.000, na jamaa za vita za Ubelgiji njo zilikuwa na njaa ya shaba ile. Hakuna mtu anayeweza kuangalia ganda moja na kusema kwa hakika: hili ni la Katanga. Lakini kwa ulizo la kwanza la mwanafunzi wangu jibu linakuwa: sehemu ya shaba yenye ilivimba na kurudi kipimo kule Ulaya ilichimbwa na mikono ya hapa.

4. Kazi yenyewe: kurudisha kipimo na kukata

Sasa tuingie ndani ya ateliye. Ganda la bunduki ya kisasa liko na mwili sawa mtu: kitako, tumbo, mabega, shingo na mdomo. Tangu Paul Vieille wa Ufaransa alipotengeneza baruti isiyo na moshi mwaka 1884, nguvu ya ndani iliongezeka sana, na maganda yakachukua umbo la chupa. Kwa nguvu ile, makosa madogo ya kipimo yakawa makosa makubwa.

Ganda likipigwa linachukua sura ya chumba cha bunduki ile iliyolipiga. Linarudi nyuma kidogo, lakini halirudi mpaka mwanzo. Kwa hiyo kesho linaweza kukataa kuingia katika bunduki nyingine, hata ya jina lilelile. Shingo nayo imepanuka, haishiki tena risasi. Fundi anapangusa ganda, analipaka mafuta kidogo, analisukuma ndani ya kalibu ya chuma cha pua yenye tundu la kipimo sawasawa. Ganda linabanwa pande zote kwa mara moja, na likitoka limekuwa jembamba tena. Katikati ya kalibu iko ufito wenye kichwa cha mviringo. Wakati ganda linatoka, kichwa kile kinapita katika shingo na kuipa upana wake. Mafuta yakiwa machache, ganda linakwama. Yakiwa mengi, yanajikusanya na kubonyeza mabega. Hata hapa kuna kipimo.

Angalia vizuri, msomaji: kalibu haikwangui kitu. Hakuna unga wa shaba wenye kuanguka chini. Mwili wote unabaki, unarudishwa tu mahali pake. Hapo njo mjomba wangu alipotea. Aliona ganda limevimba, akafikiri dawa ni kupunguza. Tupa ilikula ukuta wa ganda kwa nje, ukuta ukawa kama karatasi, na siku ya moto haukuweza kushika. Kurudisha kipimo na kupunguza mwili ni vitu viwili mbalimbali, lakini kwa jicho la mtu asiye na kalibu vinafanana: mwishoni mwa kazi, ganda linaingia.

Iko hata hivyo mahali pamoja penye ruhusa ya kukata, napo ni mdomo. Shaba ikibanwa haipotei, inatafuta njia. Kila mara ganda linapigwa na kurudishwa kipimo, sehemu ya mwili inasogea mbele, upande wa shingo, na ganda linakuwa refu. Likipita urefu wake, mdomo unaingia mahali ambapo chumba cha bunduki kinakuwa chembamba, unabana risasi na kuikatalia kutoka kwa wakati. Nguvu ya ndani inapanda, na bunduki inaweza kupasuka. Kwa hiyo fundi anapima urefu kila mara nyuma ya kutoa ganda katika kalibu, kamwe si mbele. Likipita, anakata mdomo kwa kisu chenye kuzunguka, kiisha analainisha ukingo kwa ndani na kwa nje, risasi isikwaruzwe.

Ni kiasi gani? Chukua kartushi ya Marekani yenye kuitwa .30-06, ya mwaka 1906. Urefu wa mwisho wenye kukubaliwa ni milimeta 63,35. Mafundi wanaikata mpaka 63,09. Tofauti ni robo ya milimeta. Mtu anayesema "karibu sawa" hana mahali katika kazi ile.

Hata majina yanasema hivyo. Watoto wetu wanajua kwa bahati mbaya hesabu kama 7,62 kwa 39, ya kalashnikov, ao 7,62 kwa 51, ya FAL. Hesabu ya kwanza ni kalibri; ya pili ni urefu wa ganda kwa milimeta. Ganda linabeba kipimo chake ndani ya jina lake. Tuongeze hapa kwamba maganda mengi ya kalashnikov si ya shaba. Ni ya chuma yaliyopakwa rangi ao shaba nyembamba juu, sumaku inayashika. Chuma hakivimbi na kurudi kama shaba, na mafundi wengi hawayajazi tena. Ganda la mwanafunzi wangu tulilipima na sumaku ya maabara ya shule: likashikwa. Njo darasa likanyamaza.

5. Moto wenye kusamehe

Shaba ikibanwa, ikivimba, ikibanwa tena, inakuwa ngumu. Ugumu ule haupendezi: siku moja shingo inapasuka. Dawa yake ni moto. Fundi anapasha shingo na mabega kwa muda mfupi, na shaba inalegea, inapata ujana wake tena. Lakini kitako hakiguswi na moto ule kamwe, sababu kitako kinapaswa kubaki kigumu. Kikilegea, kinaachia moto wote kurudi nyuma. Moto uleule ni dawa juu na ni hatari chini.

Waingereza walijifunza jambo lingine la ajabu kule India. Kartushi zilizowekwa karibu na mazizi ya farasi wakati wa mvua zilipasuka zenyewe, bila kupigwa. Mpaka mwaka 1921 njo wataalamu walieleza vizuri: mkojo wa farasi unatoa amonia, na amonia inaingia katika shaba yenye ingali na mkazo ndani na kuivunja. Ganda lenye limepashwa moto kidogo na kutolewa mkazo linavumilia. Ile yenye inashika hasira ndani yake inapasuka kwa harufu tu.

Niliposoma hayo nilikumbuka maneno ya mzee mmoja, fundi wa shaba, ambaye nilimwendea miaka iliyopita kwa ajili ya somo la desturi. Nilimuuliza namna gani wazee walikuwa wanavuta nyuzi za shaba za bangili. Akanijibu: "Mwalimu, mukuba iko sawa mutu. Ukiipiga sana inakuwa nguvu, haisikie tena. Unairudisha ku moto, inatulia, halafu munaendelea pamoja."

Mzee yule hakujua kitu juu ya kartushi. Lakini alisema sheria ileile. Mafundi wa Wayeke walijulikana kwa kuvuta nyuzi. Walifua ufito wa shaba mpaka ukawa mwembamba, wakachonga ncha yake, wakaipitisha katika tundu la bamba la chuma, wakavuta kwa nguvu. Kiisha tundu dogo zaidi, kiisha lingine. Katikati ya tundu na tundu, moto. Uzi ulitoka mwembamba kama unywele, na uzito wa shaba ulibaki uleule: ulibadilika urefu. Yule anayeelewa bamba la Wayeke ameelewa kalibu ya ganda nusu nzima.

Na kipimo? Wamoja wanafikiri kipimo kililetwa na Mzungu. Waende kwenye misalaba yetu ya shaba. Katika makaburi ya Sanga, pembeni ya maziwa ya Upemba, yaliyochimbwa na wataalamu kuanzia 1957, misalaba imefuatana kwa karne nyingi. Ya zamani ni mikubwa na kila mmoja uko na ukubwa wake. Kwa kadiri karne zinapita inakuwa midogo, na inakuwa sawasawa. Wataalamu wanaona hapo kuzaliwa kwa feza: kitu kinaweza kuhesabiwa wakati kila kimoja ni sawa na kingine. Watu waliosubu misalaba ile kwa kipimo kimoja walikuwa walimu wa kipimo mbele ya shule zetu.

6. Hesabu ya kartushi, hesabu ya mikono

Kuna hesabu nyingine yenye hatuwezi kuiruka. Wakati wa Serikali Huru ya Kongo, ya mfalme Léopold wa Pili, kartushi zilihesabiwa. Askari wa Force Publique, wengi wakiwa na bunduki za Albini, walipaswa kuonyesha kwamba kila kartushi ilitumika juu ya mtu wala haikupotea katika uwindaji. Ushahidi wa mwisho ukawa mkono wa kuume uliokatwa. Askari aliyepiga nyama kwa kartushi ya serikali alikata mkono wa mtu mzima ili hesabu iwe sawa. Mambo hayo yameandikwa na wamisionere, na ripoti ya Casement ya 1904, na tume ya uchunguzi yenyewe ya mfalme.

Kwa mwinda wa mbuga za Marekani, thamani ya ganda ilikuwa senti chache na kazi ya usiku. Kule kwenye kaucho, thamani ya kartushi ilikuwa mkono. Wote walihesabu vizuri. Kipimo peke yake hakitoshi kumfanya mtu kuwa mtu. Inabaki kuuliza unapima nini, na kwa faida ya nani.

Hitimisho

Nirudi kwa ulizo la pili la mwanafunzi wangu: mtu anaweza kuijaza tena? Nilimjibu hivi, na ninawaomba walimu wenzangu wajibu vilevile. Kwanza, ganda lenye kuokotwa si mchezo. Kama liko na risasi yake ao fataki isiyopigwa, usiliguse, usilitupe motoni, usiligonge. Weka alama na uite wakubwa na wenye mamlaka. Pili, ndiyo, ganda la shaba linaweza kurudi kazini, lakini kwa mwenye ruhusa ya sheria, mwenye kalibu, mwenye kipimo, na mwenye kujua lini ganda limechoka na kulitupa. Wale wawinda wetu wa vijijini wenye kujaza maganda kwa kukadiria na jicho wanacheza na vidole vyao. Umaskini unawasukuma, ninajua. Unamsukuma mtu, halafu haumlipii hospitali.

Tatu, na hili nililiandika ubaoni, ujuzi huu haukuwa mgeni kwetu. Kubana bila kupunguza, kukata penye ruhusa tu, kurudisha motoni kwa wakati, kupima mbele ya kusema: babu zetu waliyafanya hayo kwa nyuzi na misalaba. Mwanzoni mwa karne ya 20 serikali ya kikoloni ilifunga kazi ya matanuru ya wazee, shaba ikahamia kwa kampuni, na mafundi wakawa wabebaji. Katika miaka ya 1920 Monsinyori de Hemptinne aliwaomba wazee waliobaki wafanye tena kazi ile mbele yake ili aandike, na aliandika juu ya "walaji wa mukuba". Walikuwa wangali wanakumbuka kila kitu. Leo, ni nani angeweza kuifanya tena?

Samaki mkunje angali mbichi, walisema wahenga. Mashule yetu yako na sumaku, wakati mwingine yako na mizani, lakini hayana bamba hata moja la kuvutia uzi. Ninaomba chama chetu cha utamaduni kitafute wazee wachache wenye wangali na mkono wa kazi, wakae na vijana siku tatu tu, na moto, na shaba, na bamba lenye matundu. Chombo kizima kinaingia katika kikapu kimoja.

Mjomba wangu amekwisha kulala. Mbele ya kwenda, aliniachia tupa yake. Ninaitunza mu kabati ya darasa, pembeni ya kipande cha uzi wa shaba chenye yule mzee fundi alinipa. Wanafunzi wakiuliza kwa nini nimeviweka pamoja, ninawapa vyote viwili mikononi na kuwaambia wavipime.